Sarufi ya Kiingereza: programu inaweza kuwa hakimu, au inasoma maoni ya aliyeiandika?

#1 KalamuNyekundu

Wakuu, salaam.

Hoja hii inazunguka kila wanapokutana wahariri na walimu wa Kiingereza: sarufi ni kanuni, kanuni haina upendeleo, basi mashine ikague na mwandishi akatwe alama kwa idadi ya mistari myekundu. Naona hoja hii ina ukweli nusu, na ile nusu nyingine inaumiza watu bure. Tuipime kwa sentensi.

(a) "The list of items are on the desk."
(b) "The team are playing well."
(c) "Everyone should bring their own laptop."
(d) "She suggested that he goes home."

Zipitishe kwenye programu mbili tatu tofauti. (a) zikiwa nzuri zitaikamata. (b) inategemea kama kwenye mipangilio umechagua Kiingereza cha Marekani au cha Uingereza. (c) kuna miongozo iliyoikataa kwa miaka mingi na sasa inaikubali. (d) moja itadai "go", nyingine itapita kimya.

Kama sarufi ni kitu kilichopo nje ya maoni ya mtu, kwa nini sentensi moja ipate hukumu mbili? Msimamo wangu: sehemu ya sarufi inapimika bila ubishi. Ila kinachotolewa kwa jina la ukaguzi wa sarufi ni sarufi, mtindo na mapendeleo ya wahariri vilivyokorogwa chungu kimoja, na mtumiaji haambiwi kipi ni kipi. Karibuni.

#2 NuktaPacha

Mkuu, unalikuza. Kiima cha umoja kinataka kitenzi cha umoja, hayo si maoni. Ukiandika programu ukasahau kufunga mabano, kompyuta inakataa, na hakuna anayesema kompyuta ina maoni yake. Kiingereza kina vitabu vya kanuni tangu Robert Lowth mwaka 1762: usimalize sentensi kwa kihusishi, usiweke kielezi katikati ya "to" na kitenzi chake, usikanushe mara mbili. Programu ikikosea, ni kwa sababu imeandikwa vibaya. Kanuni zipo.

#3 BintiIsimu

Naomba kusahihisha #2 kabla hayajazoeleka.

Lowth hakupiga marufuku kihusishi mwishoni. Alisema ni mtindo wa mazungumzo, na kwamba katika maandishi mazito inapendeza zaidi kukitanguliza. Sentensi aliyotumia kueleza kwamba Kiingereza kina mwelekeo huo yeye mwenyewe aliimaliza kwa "to". Lawama ya kihusishi mwishoni ni ya mshairi John Dryden, 1672, alipokuwa akiikosoa lugha ya mwandishi wa tamthilia Ben Jonson. Hilo la kielezi kati ya "to" na kitenzi ni jambo la karne ya 19. Henry Alford alilikemea mwaka 1864, zaidi ya miaka mia baada ya Lowth. Ukanushi mara mbili, sawa, huo Lowth aliukataa.

Kuhusu mabano ya kompyuta: lugha ya kompyuta inaanza na waraka. Waraka ukisema mabano yafungwe, yasipofungwa ni kosa kwa sababu waraka umesema. Kiingereza kilianza na wasemaji, vitabu vikaja karne nyingi baadaye kueleza wasemaji wanafanya nini, au kueleza mwandishi wa kitabu angependa wafanye nini. Ufaransa ina Académie française, chombo rasmi cha kusimamia lugha, tangu 1635. Kiingereza hakina chombo cha namna hiyo. Jonathan Swift alikipendekeza mwaka 1712 na hakikuundwa. Hakuna mahali pa kukata rufaa.

Sisemi hakuna ukweli. Hakuna mtu aliyekua na Kiswahili atakayesema "mtoto vimelala", na hakuna aliyekua na Kiingereza atakayesema "cat the mat on sat". Huo ni ukweli kuhusu wasemaji na unaweza kupimwa. Kile ambacho Dryden hakukipenda hakipimiki kwa njia hiyo.

#4 NuktaPacha

Kuhusu Lowth nimekuelewa, asante. Hoja ya msingi naishikilia: (a) ni kosa leo, jana na kesho.

#5 FundiKanuni

Wengi hapa hawajaona kanuni ya programu ikiandikwa. Niweke moja mezani tuione inavyopumua.

LanguageTool, mradi alioanzisha Daniel Naber mwaka 2003, kanuni zake nyingi ziko kwenye faili za XML, yaani faili za maandishi zenye vitambulisho, ambazo yeyote anaweza kuzifungua na kuzisoma. Kazi inakwenda hivi. Kwanza matini inakatwa kuwa sentensi, na sentensi kuwa tokeni, yaani neno moja moja pamoja na alama zake. Kisha kila tokeni inabandikwa lebo: nomino umoja, kitenzi wakati uliopita, kihusishi na kadhalika. Neno kama "run" linapata lebo zaidi ya moja, kwa hiyo kuna hatua ya kuondoa zisizofaa kwa kuangalia majirani. Baada ya hapo ndipo ruwaza, yaani mfuatano wa maneno au lebo unaotafutwa, zinapopitishwa juu ya tokeni, na ruwaza ikilingana, ujumbe na pendekezo hutoka.

Sasa tuandike kanuni ya kukamata "could of" badala ya "could have". Ruwaza ya kwanza: tokeni ya kwanza iwe could, should, would, might au must, ya pili iwe "of". Rahisi. Ipitishe kwenye matini halisi na uone:

"You could of course wait." Sentensi haina kosa. Weka kizuizi: isiwe "of course".
"He could of necessity refuse." Haina kosa. Kizuizi cha pili.
"They would of their own accord leave." Kizuizi cha tatu, na hiki kinahitaji maneno matatu mbele.
"I read what I could of the report." Hapa vizuizi vya neno moja moja vinakwisha, maana baada ya "of" inaweza kuja nomino yoyote duniani.

Basi tunageuza mkakati: tunadai baada ya "of" pawe na kitenzi cha umbo la "gone, been, done". Ile ya ripoti inapona. Lakini "could of easily gone" inatoroka, kwa hiyo tunaruhusu kielezi kimoja katikati. Halafu inakuja "She learned what she could of written English", ambayo ni safi kabisa, na "written" ina lebo ileile tuliyoidai. Kanuni inaipigia mstari.

Angalieni vizuri kilichotokea. Katika Kiingereza cha maandishi kilichohaririwa hakuna anayetetea "could of gone". Kanuni yenyewe haina ubishi hata kidogo. Kinachoyumba ni chombo cha kuitambua. Kwa hiyo mleta uzi ameunganisha maswali mawili: je, kanuni ipo bila kutegemea mtu? Na je, programu inaiona? La kwanza linaweza kuwa ndiyo huku la pili likiwa hapana.

#6 Mnyambuliko

#5 ndiyo sababu naupenda uzi wa aina hii. Ila mkuu, jaribu kuzuia kanuni pale "what", "all" au "as much as" inapotangulia ndani ya sentensi. Sentensi zote mbili ngumu ulizotoa zina "what".

#7 Tarakimu

Naongezea hesabu juu ya #5, maana ndiyo inayoamua kama mwanafunzi akatwe alama.

Chukua sentensi 1,000, ndani yake 20 zina kosa la aina fulani. Chukua programu nzuri: inakamata makosa 90 katika kila 100, na inazisingizia sentensi safi 5 tu katika kila 100. Itakamata 18 za kweli. Itazisingizia 49 kati ya zile 980 safi. Jumla mistari 67, ya kweli 18, yaani takriban 27 kwa 100. Mistari mitatu kati ya minne ni ya uongo, na programu yenyewe si mbovu.

Inatokea kwa sababu kosa lolote mahususi ni adimu. Kadiri mwandishi alivyo bora, ndivyo mistari anayopigiwa inavyozidi kuwa ya uongo. Kuhesabu mistari na kukata alama kunamwadhibu zaidi aliyeandika sentensi nyingi na zenye muundo mgumu.

Mnaotengeneza kanuni mnajua dawa yake: bora kuacha makosa kumi yapite kuliko kusingizia sentensi mbili. Ndiyo maana programu nyingi ziko kimya mbele ya makosa ya wazi. Ukimya wake hauthibitishi kwamba sentensi ni safi.

#8 MtandaoNeva

Wakuu, #5 na #7 mnaeleza teknolojia ya kizazi kilichopita. Sasa hivi modeli hulishwa mamilioni ya jozi, sentensi yenye kosa na iliyosahihishwa, na inajifunza yenyewe. "What I could of the report" haiisumbui kwa sababu inaangalia sentensi nzima, wala haihitaji orodha ya vizuizi.

#9 Tarakimu

Hesabu ya #7 haijali teknolojia, mkuu. Badilisha 5 iwe 1 katika kila 100: zinabaki za uongo kama 10 dhidi ya 18 za kweli. Imepungua sana, haijaisha.

Na hizo jozi nani alizisahihisha? Hapo ndipo penye swali la mleta uzi. Mwaka 2014 kulikuwa na shindano la CoNLL la kusahihisha Kiingereza kwa mashine. Matini ya majaribio ilikuwa insha 50, sentensi 1,312, na aina za makosa 28. Mfumo ulioshinda ulipata 37 na ushei kwa kipimo cha F0.5. Baadaye, mwaka 2015, Bryant na Ng walichukua sentensi hizohizo wakawapa wasahihishaji 10, kisha wakampima kila mmoja dhidi ya tisa waliobaki kama vile naye ni mashine. Wastani ulikuwa 72 na ushei. Hao ni binadamu, wengi wao wenye uzoefu wa lugha au uhariri, na hawafiki 100 kwa sababu hawasahihishi sawa.

Kwa wasiokijua hicho kipimo: kinachanganya vitu viwili, usahihi wa tuhuma (kati ya ulizosema ni makosa, mangapi ni makosa kweli) na ukamilifu wa msako (kati ya makosa yote, umekamata mangapi), na usahihi unapewa uzito mkubwa zaidi. Usahihi 0.6 na ukamilifu 0.3 vinatoa 0.5. Ukivigeuza, usahihi 0.3 na ukamilifu 0.6, unapata 0.33 tu. Yaani wataalamu wenyewe wameamua kwamba kusingizia ni kubaya kuliko kuacha.

#10 NuktaPacha

#9 ngoja. Kutosahihisha sawa si sawa na kutokubaliana kama pana kosa. "He go to school every days." Mmoja ataandika "He goes to school every day", mwingine "He went to school on all those days". Wote wameona kosa palepale. Tofauti ni ya dawa. Ugonjwa wameuona wote.

#11 BintiIsimu

Hoja ya #10 ni nzuri, na ina ushahidi unaoiunga mkono. Sprouse, Schütze na Almeida mwaka 2013 walichukua sampuli ya hukumu za wanaisimu zilizochapishwa katika jarida moja kati ya 2001 na 2010, wakazipima kwa wasemaji wa kawaida wengi. Karibu 95 katika kila 100 zilikubaliana. Kwa hiyo hisia ya msemaji kwamba "hii inasemeka, hii haisemeki" si upepo.

Lakini swali linalofuata ni: msemaji yupi? Hapa ndipo programu inapokosa uadilifu. Mwanaisimu William Labov mwaka 1969 alionyesha kwamba katika Kiingereza cha Wamarekani weusi, pale ambapo Kiingereza sanifu kinaweza kufupisha "is" kuwa "'s", wao wanaweza kuiacha kabisa: "He tired". Na pale ambapo sanifu hakiwezi kufupisha, nao hawawezi kuiacha. Katika "He's as nice as he says he is", ile "is" ya mwisho haifupishiki. Jaribu kusema "he says he's" uishie hapo, inagoma. Ndivyo ilivyo kwao pia: ya kwanza inaachwa, ya mwisho inabaki. Hiyo ni sarufi yenye masharti makali kama yoyote iliyoandikwa kitabuni. Programu inapiga mstari kila mahali bila kutofautisha aliyefuata kanuni za lahaja yake na aliyeteleza.

Ingesema "hii si lahaja sanifu uliyoichagua", ingekuwa imesema kweli. Ikisema "hili ni kosa la sarufi" imedanganya, na naliona jambo zito, maana anayeambiwa hivyo mara mia huishia kuamini kwamba hana lugha.

#12 Mnyambuliko

Naunga mkono #11 kwa uzito wote.

#13 MkatoWaMwisho

Tusisahau alama za uakifishaji, maana programu zinazihesabu kama sarufi. Jimbo la Maine, Marekani, lilikuwa na sheria ya malipo ya saa za ziada iliyotaja kazi ambazo hazilipiwi saa hizo, na orodha iliishia hivi: "packing for shipment or distribution". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walisema wao wanasambaza, hawafungashi, na sheria inazungumzia kufungasha tu. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona sheria haieleweki wazi na ikawapa madereva haki, na 2018 kesi ikamalizwa kwa dola milioni 5. Mkato mmoja kabla ya "or" ungeondoa utata wote.

Programu iliyowekwa mtindo wa kudai mkato wa mwisho ingeupigia kelele mstari ule. Programu iliyowekwa mtindo wa kuukataa ingepita. Na mwongozo wa uandishi wa sheria wa jimbo lenyewe ulikuwa unawaelekeza waandishi wasiuweke.

#14 NuktaPacha

Uakifishaji si sarufi, mkuu. Unatuhamisha.

#15 MkatoWaMwisho

Ndiyo ninachosema. Mstari uleule, rangi ileile, na mtumiaji anaambiwa ana "makosa ya sarufi 14". Kumi kati yake yanaweza kuwa mikato. Nyingine ni kauli ya kutendwa, ambayo ni sarufi halali kabisa: "The samples were stored at 4 degrees" haina kosa lolote, na nani alizihifadhi haihusiki. Programu inaona "were" na kitenzi cha umbo la tatu, inapaka rangi. Ikiona "She was tired" nayo inaweza kuipaka, na hapo hakuna kauli ya kutendwa, "tired" ni kivumishi.

#16 Mtambo_na_Maneno

Wakuu, kuna mahali ambapo ndoto ya #2 imetimia, angalau nusu. ASD-STE100, Kiingereza kilichorahisishwa cha miongozo ya ufundi, kilichozaliwa kwenye sekta ya ndege. Kule kanuni zimeandikwa kwanza, ndipo watu wakaandika. Sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20. Ya maelezo isizidi 25. Aya isizidi sentensi 6. Nomino zilizofuatana zisizidi 3. Agizo moja kwa sentensi moja, isipokuwa vitendo vinavyofanyika kwa pamoja. Na kuna kamusi: neno moja, maana moja, aina moja ya neno. "Test" inaruhusiwa kama nomino peke yake, kwa hiyo "Test the pump" ni kosa na inaandikwa "Do a test of the pump". "Follow" ina maana ya kuja baada ya kitu tu, kwa hiyo kwa maelekezo ya usalama unaandika "Obey".

Kule ukimwambia mwandishi amekosea, unamwonyesha namba ya kanuni. Maneno yanahesabika, kamusi inatafutika. Hakuna hisia.

Na hata huko programu inachoka. Kichwa cha jedwali kikisema "Test valves", ni agizo la kuzipima vali, au ni vali za kufanyia majaribio? Maana ya kwanza ni kosa, ya pili halali. Maneno ni mawili tu na hayana jirani wa kusaidia. Mkaguzi binadamu anaangalia mchoro, anajua. Programu haina mchoro.

#17 KalamuNyekundu

Wakuu mmenifungua macho, hasa #5, #9 na #16. Nirudi kwenye sentensi zangu nikizipanga upya.

(a) NuktaPacha ana haki, katika Kiingereza sanifu ni kosa. Ila oneni jinsi inavyokamatwa. Programu inayomwangalia jirani inaona "items are" na kuridhika. Mbaya zaidi, ukiandika "The list of items is" inaweza kukusingizia. Lazima itafute kichwa cha kirai nomino, yaani "list". Ukishaifundisha hivyo, mletee "A number of items are missing" na "The number of items is small". Muundo ni uleule, tofauti ni "a" na "the" tu, na kitenzi kinageuka. Kanuni ya kichwa inatoa jibu sahihi kwa ya pili na baya kwa ya kwanza.

(b) si kosa, ni chaguo. Uingereza hutazama kama timu ni watu au ni kitu kimoja. Marekani kwa kawaida ni umoja.

(c) ina historia ndefu. "They" kwa mtu mmoja asiyetajwa iko kwenye maandishi tangu karne ya 14. Mwongozo wa APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, unaofuatwa na waandishi wengi wa kitaaluma, uliikubali rasmi katika toleo la 7, mwaka 2019. Programu iliyoipigia mstari ilifuata mwongozo, na mwongozo ulipobadilika ikabadilika. Sarufi ya wasemaji ilikuwa palepale muda wote.

(d) ndiyo inayonisumbua. "That he go" ni ya kawaida Marekani, Uingereza hutumia pia "should go" na "goes". Lakini "goes" inaweza kuwa na maana nyingine: kwamba alidokeza kuwa huyo bwana huwa anakwenda nyumbani. Katika maana hiyo "goes" ndiyo sahihi pekee. Programu haiwezi kuhukumu bila kujua mwandishi alikusudia nini.

#18 Tarakimu

Kwa anayetaka kuipima programu kabla ya kuiamini, fanya hivi. Tengeneza jozi zinazotofautiana kwa kitu kimoja tu, kama "The list of items is" na "The list of items are". Jozi 50 kwa kila aina ya kosa zinatosha kuonyesha hali. Ziweke kila sentensi kwenye aya yake, usizichanganye, maana programu nyingine huangalia sentensi za jirani. Rekodi vitu viwili tofauti: ngapi zenye kosa zimekamatwa, na ngapi safi zimesingiziwa. Usivijumlishe. Andika toleo la programu, tarehe, na lahaja uliyochagua kwenye mipangilio, kwa sababu zile za mtandaoni hubadilika bila taarifa na jibu la mwezi huu linaweza lisiwe la mwezi ujao.

Zima kundi la "mtindo" na "uwazi" kabla ya kuanza, kama inaruhusu. Ikikataa kuzimwa, umeshajifunza kitu kuhusu programu hiyo.

#19 MtandaoNeva

Ongezeni kwenye orodha hiyo "a" na "an". Ndiyo kanuni safi kuliko zote, inafuata sauti, haifuati herufi: "a university", "an hour", "a UN report", "an FBI report". LanguageTool inabeba faili mbili za maneno ya kipekee, det_a.txt na det_an.txt, kwa ajili hiyo tu. Na bado "SQL", lugha ya kuulizia hifadhidata, inakushinda: anayeisoma herufi kwa herufi anaandika "an", anayeisoma kama "sikwel" anaandika "a". Kanuni moja, matamshi mawili, wote wameifuata.

#20 NuktaPacha

#19 unaona? Kanuni ipo na haina ubishi. Kilichokosekana ni taarifa. Mpe mashine taarifa zote, itahukumu sawa.

#21 BintiIsimu

Basi mpe hii: "More people have been to Russia than I have." Isome haraka, watu wengi wanaikubali. Isome polepole, haina maana yoyote; idadi ya watu inalinganishwa na nini? Na hii: "The rat the cat the dog chased bit died." Kila kishazi kimepangwa kwa kanuni: mbwa alimkimbiza paka, paka alimng'ata panya, panya akafa. Karibu kila msomaji anaikataa. Ya kwanza inapokelewa na wasemaji ingawa kanuni haiielezi, ya pili inaruhusiwa na kanuni huku wasemaji wakiikataa. Taarifa gani nimpe mashine ili ijue imfuate nani?

#22 NuktaPacha

Ya panya naisema ni sahihi na ni ngumu. Ugumu si kosa.

#23 BintiIsimu

Wapo wanaisimu wanaosema hivyohivyo. Wapo wanaosema kanuni ambayo hakuna binadamu anayeweza kuitumia zaidi ya ngazi mbili (kishazi ndani ya kishazi) si kanuni ya lugha ya binadamu.

#24 FundiKanuni

Mnyambuliko, nimejaribu pendekezo lako la #6, kuzuia kanuni pale "what" inapotangulia. "She learned what she could of written English" imepona, asante. Lakini sasa "I wonder what he could of done" inatoroka, na hiyo ni kosa la wazi.

Nikaongeza sharti: palipo na "what", ipige mstari endapo baada ya kitenzi hakuna nomino. "What he could of done." inakamatwa, "what she could of written English" inaachwa. Kisha nikaweka "I wonder what he could of written yesterday". Inatoroka, kwa sababu katika mfumo wa lebo za Penn Treebank, mkusanyo maarufu wa matini za Kiingereza zilizobandikwa lebo, "yesterday" ni nomino.

Naweza kuorodhesha yesterday, today, tomorrow, tonight. Halafu kuna "last week" na "this morning", na "week" na "morning" ni nomino za kawaida kabisa. Mwenye wazo alilete.